Maziwa ya Nyumba ya Bibi Yako

Endagikot, mchana

Tekla mwanangu,

Habari za blanketi, sabuni na vibaka wa stendi nimemwachia shangazi yako. Ameziimba wiki nzima, na huko Dongobesh ulikotangulia najua kuna wengine wanakuongezea. Mimi siongezi. Una akili ya kujua lini ufunge mlango na lini ule, na kama huna, barua haitakupa.

Nimebaki nyumbani peke yangu na kalamu. Shangazi yako amenipa muda mpaka ng'ombe warudi. Wakishaingia zizini anapanda lori la viazi kuja kwako, na barua hii ataibeba. Uisome leo, kabla hujalala. Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe kukusindikiza kwenye basi la kwenda chuoni Morogoro. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, likizo nzima tulikuwa wote. Nimejaribu. Juzi tukiwa tunapukuchua mahindi nilianza kabisa, ukaniinulia yale macho yako, nikakuuliza kama umeiona kofia yangu. Kofia ilikuwa kichwani. Ulicheka mpaka ukamwaga punje, nami nikacheka, tukaendelea na mahindi.

Ni habari ya mama yako. Tafadhali usiikunje hapa.

Najua unavyomchukulia. Siku taarifa ya kifo chake ilipotufikia ulikuwa kidato cha nne, upo pale nje unaosha vyombo. Mjomba wako alifika, kofia mkononi, akasema Rehema amefariki kwa homa huko Masasi, na wameshazika. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Wewe ulisuuza sufuria, ukaigeuza ikauke, ukasema, "Yeye alichagua mtoto wake. Mimi nina baba yangu." Kisha ukachukua sahani nyingine. Majirani walikusifu kwamba umejikaza. Mimi nilipaswa kusimama niseme hapana, sivyo ilivyokuwa. Nilinyamaza kwa sababu hayo maneno yako ya mwisho yalikuwa matamu sana kwangu. Mtu anaweza kuishi miaka kwa maneno kama yale, mwanangu, hata akijua ameyaiba.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa hapa, wa mahindi, maharage na ng'ombe wachache wa nyumbani. Serikali ilipofungua mashamba ya ngano kule uwanda wa Hanang nilikuwa kijana, nikashuka kutafuta kazi, nikafundishwa trekta. Wafugaji wa kule walikuwa wanahamisha mifugo yao kutoka malisho tuliyokuwa tunayalima. Niliwaona wazee wao wamejifunga mashuka, wamesimama pembeni ya mfereji, wanatutazama tukipita juu ya njia za ng'ombe wao za kwendea maji. Sikuwaza sana. Nilikuwa na mshahara na buti mpya. Hilo nalo linaniuma siku hizi, lakini lina barua yake.

Shamba lile lilileta watu kutoka kila pembe ya nchi. Mama yako alikuja na kaka yake, dereva wa kombaini, naye akapata kazi ya kupika mesi ya wafanyakazi. Mfupi, mcheshi, hamwogopi mtu. Siku ya kwanza kunipakulia aliniambia, mbele ya foleni nzima, kwamba buti zangu zinanuka kuliko dagaa wake. Kesho yake nilirudi nimezisugua kwa sabuni mpaka zimepauka, na yeye akajifanya hanioni. Nikajua nimekwisha.

Kwao Masasi hakuna ng'ombe. Mbung'o hawakuruhusu, tangu mababu zao. Wamekulia tui la nazi, korosho, mihogo na samaki. Aliniambia mapema kabisa kwamba maziwa hayamkai tumboni, akinywa anavimba na kuhara. Nikacheka, nikamwambia atazoea. Neno hilo, atazoea, nimelitumia vibaya sana maishani mwangu.

Desturi ya nyumba ya babu yako unaijua, ingawa siku hizi hatuifuati tena, na sasa utajua kwa nini. Anayeingia, awe mkwe au mtoto aliyezaliwa mbali, alipewa maziwa ya ng'ombe wa nyumba, ya moto bado, kwenye kibuyu cha bibi kilichofukizwa moshi, mbele ya wazee. Anakunywa anamaliza, wazee wanasema huyu sasa ni wetu. Siku ya harusi mama yako aligusisha midomo tu, akakirudisha kibuyu kwa adabu zote. Bibi yako alikipokea, akachungulia ndani akaona kilivyojaa. Bibi yako, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa kuweka jambo moyoni likaota mizizi.

Ninyi wawili, wewe na mdogo wako Daudi, mlizaliwa kule kule shambani. Ulipokuwa mdogo ulikunywa maziwa kama ndama, tena kwa fujo. Ulipofika umri wa kwenda shule ndipo ukaanza kulalamika tumbo. Mama yako aligundua haraka, akakukatia maziwa, akawa anakupikia uji wa karanga. Na mimi nilijua. Nataka uliweke hilo vizuri kichwani: nilijua. Niliona aibu tu. Kwetu sisi mtu kusema mwanangu hawezi maziwa ni sawa na kusema mwanangu hawezi kutembea.

Krismasi ile tukaja wote Endagikot. Daudi ameshaanza kukimbia, wewe uko darasa la pili. Bibi yako alisema watoto hawa hawajatambulishwa nyumbani, na wazee wakaitwa. Mama yako alinivuta pale mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tumbo lako nalijua, niwaambie. Nikamjibu asinitie aibu mbele ya watu. Daudi akapewa kwanza, akamaliza, akalamba kibuyu akataka kingine, wazee wakacheka wakampiga piga mgongoni. Kisha wewe. Ulifika nusu ukasita. Bibi yako akasema mtoto mkubwa hamalizi? Wewe na ubishi wako, ulikazana ukanywa mpaka tone la mwisho, ukamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Nilikuwa nakutazama. Ningeweza kunyoosha mkono nikakichukua.

Usiku uliumwa, na kesho yake, na siku iliyofuata. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, kila kinachoingia kinatoka. Shangazi yako alikuwa anakunywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Watu wakaanza kuja kuangalia, na kila aliyekuja alimtazama Daudi anacheza uani, kisha akakutazama wewe kwenye mkeka. Wazee wakarudi bila kuitwa. Bibi yako akasema, polepole, kama anayesema jambo ambalo kila mtu analijua, "Maziwa ya nyumba hayamkatai mtoto wa nyumba." Mzee mmoja akaniuliza huko kwenye kambi ya ngano tunalala wanaume wangapi. Mwingine akauliza madereva wa kombaini wanatoka wapi na wapi.

Mama yako alikuwa amesimama. Hakuwajibu wao. Alinigeukia mimi akasema, "Baba Tekla, na wewe unasemaje?"

Jina hilo alikuwa akiniita kila siku. Nilitazama buti zangu.

Na nikuambie lote, maana nusu haina faida. Sikunyamaza kwa kuwaogopa wazee tu. Nilipokuwa nimeinamisha kichwa nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nahesabu miezi niliyolala mashamba ya mbali wakati wa kulima, na nani alibaki kambini. Mwanamke ambaye hakuwahi kunipa sababu hata ya kumnunia. Hapo ndipo nilipokukana, Tekla. Hakuna aliyesikia, lakini mama yako aliniona usoni.

Asubuhi nilimkuta amemfunga Daudi mgongoni. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wako, uso wake kwenye shingo yako, na wewe umelala fofofo kwa uchovu wa ugonjwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alinikuta mlangoni, akaniambia, "Huyu mnayesema ni wenu, naondoka naye. Huyu mnayesema si wenu, nakuachia wewe. Umtazame mpaka umjue."

Nikasogea pembeni akapita.

Ulipoamka ukamuulizia, wakakuambia mama ameenda kwao na Daudi. Nami nikasema atarudi. Baadaye uliacha kuuliza, ukaanza kujijibu mwenyewe, na jibu ulilolipata ni kwamba alimpenda mdogo wako kuliko wewe. Mtoto wa miaka ile angefikiri nini kingine? Nilikuacha ukue na jibu hilo. Lilikuwa linamchoma mama yako aliye mbali na kunikinga mimi niliye karibu.

Masasi sikwenda. Kila mwaka nilisema nikimaliza mavuno. Mara moja nilifika Babati na begi, nikalala gesti, asubuhi nikapanda gari la kurudi. Nilijiambia nauli haitoshi. Nauli ilitosha.

Nilichofanya ni kurudi nawe kambini na kukutazama. Mwanzoni nilikutazama kwa ubaya, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, sikio hili la nani, kidole hiki cha nani. Kisha nikasahau kukagua. Ulikuwa unalala mkono umefunika macho. Ulikuwa unagombana na jiko. Ukikasirika unanyamaza halafu unafanya kazi kwa kelele, kila sufuria inagongwa. Watoto wa kambini walipokuita mtoto wa kombaini, ulimpiga mmoja kwa kandambili mpaka mama yake akaja kunishitaki, na mimi nikamwomba radhi kwa uso wa huzuni, nikaingia ndani nikacheka peke yangu. Kisha nikalia, maana jina lile lilitoka kwenye ukimya wangu. Sikumbuki siku niliyoacha kujiuliza wewe ni wa nani. Ninachojua ni kwamba ilikuwa zamani sana, kabla ya mtu yeyote kunieleza habari za jeni.

Sasa nifike kwa bibi yako, maana hili hujalisikia kamwe.

Alipokuwa kitandani mara ya mwisho, wewe ukiwa shule ya bweni, mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Siku moja nilimletea maziwa, yametoka kukamuliwa. Akageuza uso. Nikadhani hana hamu. Akaniambia nimpe mgando, hayo mabichi hayajawahi kumpenda. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu usichana wake. Miaka yote ile alikuwa anatukamulia, anatugawia, anajisifia ng'ombe wake, na yeye mwenyewe anakunywa mgando tu, na yale mabichi anapeleka kibuyu mdomoni watu wakiwepo kisha anamwaga nyuma ya nyumba. Babu yako alikufa hajui.

Nikamuuliza, na Tekla je? Alijivutia shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Nilipomwona mtoto anaumwa vile, niliogopa wangenitazama mimi."

Nilimpa mgando, akanywa kidogo, nikamfuta mdomo. Alikuwa mama yangu na alikuwa anakufa, ningemfanya nini? Nilimzika na siri yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na bado nilijitafutia mlango wa kutokea: nilisema labda ni uzee, labda anaropoka, labda mambo hayo mawili hayahusiani.

Mlango huo uliufunga wewe, na hukujua.

Ilikuwa likizo yako ya kidato cha sita. Nilikuuliza, kwa kukutania tu, huko wanakufundisha nini kuhusu wanyama ambacho mchungaji hakijui. Ukapanda juu. Ukaniambia habari za chatu, kwamba karibu na mkia ana vijikucha viwili, masalia ya miguu ya wazee wake, na mimi nikasema hivyo nimeviona, tulimkuta mmoja kule bondeni. Ukaniambia fuko wanaotuharibia mashamba wazee wao walikuwa na macho mazima. Ukasema mabadiliko ya wanyama mara nyingi hayaji kwa kupata kitu kipya kabisa. Maelekezo yapo yale yale ndani ya kila chembe ya mwili, ila yapi yafunguliwe, wapi, na yafungwe lini, hapo ndipo mnyama mmoja anapoachana na mwenzake. Nikakuambia kama taa za kambini, nyaya ziko kila nyumba lakini fundi wa jenereta ndiye anayeamua. Ukafurahi, ukasema baba umeelewa. Nilivimba kichwa.

Kisha ukaleta maziwa. Ukasema kila mnyama anayenyonya huzaliwa na jeni ya kuyasaga maziwa ikiwa wazi, na akiachishwa inafungwa. Ndama hivyo, mbwa hivyo, mtu naye hivyo. Ila kwa watu waliofuga ng'ombe, zamani, alitokea mmoja ambaye kwake haikufungwa. Kasoro ndogo tu, mahali fulani panapotoa amri ya kufunga, na mwalimu wenu alisema wataalamu bado wanapatafuta. Miaka ya njaa ilipokuja, watoto wa mtu huyo waliishi kwa maziwa, na wenzao wakafa. Wakazaa, wakaenea, mpaka ukoo mzima ukasahau kwamba iliwahi kuwa vinginevyo.

Nikakuuliza inarithiwaje. Ukachukua punje za ngano na maharage ukazipanga mezani. Ngano ni wazi, harage ni iliyofungwa. Kila mtu ana mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na ngano hata moja unakunywa maziwa mpaka uzeeni. Asiyeyaweza ana maharage mawili, na lazima kila mzazi awe amempa moja. Ukasema, tazama, mama na watu wake ni maharage matupu. Ukanicheka, ukasema kwa hiyo baba na wewe unalo harage moja umelificha, ndilo ulilonipa mimi, na Daudi ukampa ngano.

Nikakuuliza mtu anayekunywa maziwa bila shida, harage hilo angelitoa wapi. Ukajibu hata bila kufikiri kwamba ni kwa mzazi wake, kwa mfano kama mama yake mzazi hakuwa anayaweza. Kisha ukasema lakini bibi alikuwa anakunywa, basi labda ni mahali pengine juu zaidi. Ukazikusanya zile punje kwa kiganja, ukawarushia kuku, ukaenda kuinjika chai.

Mimi nilibaki kwenye kiti. Uliniita mara kadhaa chai inapoa.

Unaelewa sasa? Siku ile mbele ya wazee, mtu mmoja pale ndani alikuwa na tumbo kama lako, na ndiye aliyekukataa. Kile kilichokufanya ukataliwe ulikipata kwake, kupitia kwangu. Najua utasema, maana wewe ni mbishi na umesoma, kwamba hiyo peke yake si ushahidi wa baba, watu wenye maharage mawili wako wengi. Ni kweli. Ila haikuwahi kuwa ushahidi dhidi ya mama yako. Hakuna chochote kilichokuwa dhidi ya mama yako. Na ulipokuwa unanieleza hayo, Rehema alikuwa ameshazikwa.

Tangu hapo nimewaza mambo mengi, nikiwa kwenye trekta na nikiwa kitandani. Nimewaza kwamba sisi tuliokuwa tunajiona wenye nyumba ndio tuliobadilika. Wewe ndiye wa asili, unafunga maziwa yanapostahili kufungwa, kama ndama na kama watu wa kwanza wote. Yule mzee wetu wa zamani aliyeanza kunywa akiwa mtu mzima, bila shaka wenzake walimwona wa ajabu, walimcheka. Na tunapojisifu kwamba maziwa yametukubali, tunasahau tumekubaliwa kwa watoto wangapi waliolala makaburini kwa njaa huku maziwa yako jirani. Ulinieleza hilo kwa furaha ya mtu anayependa somo lake, na sikulaumu. Mimi niliwaona watoto wenyewe. Niliwaona wote wana uso wako, kwenye mkeka, midomo imekauka.

Huko Morogoro unakwenda kuwasoma wanyama. Sina la kukufundisha katika hilo. Ninachokijua ni kidogo na nimekilipia: nilikuwa na swali ambalo tumbo la mtoto lilikuwa linalijibu wazi, na nikaenda kuwauliza watu. Mama yako alikuwa ameshanipa jibu pale mlangoni. Hakuwa na shule kubwa, alikuwa anakutazama tu wakati wa kula. Siku ukiwa na wako, au hata ukiwa na ndama anayekonda bila sababu, mtazame kwanza yeye kabla hujawasikiliza wanaomzunguka. Ningependa kusema hili vizuri zaidi, lakini ndilo nililonalo.

Daudi yuko Masasi kwa mjomba, anafanya kazi kwenye ghala la korosho. Mjomba anasema amekuwa mrefu, na kwamba akiona maziwa ya kopo dukani hapiti. Maskini, ngano yangu ameibeba mpaka mahali ambapo hakuna ng'ombe. Nilimpa kitu ambacho hana pa kukitumia, na wewe nikakupa kitu ambacho nyumbani kwangu hakikuwa na heshima. Mtafute. Kutoka Morogoro si mbali kama kutoka hapa. Hana habari kwamba aliondolewa kwako kwa ajili ya kunywa kibuyu chote, na sijui nani atamwambia kama si wewe. Kaburi liko huko huko, atakuonyesha. Mimi sijaliona. Sijui kama nina haki ya kuliona, lakini wewe unayo.

Tekla, mama yako hakuchagua. Mimi na mama yangu tulichagua, na tulimchagua Daudi. Yeye alimchukua yule ambaye tungeweza kumpenda hata asipokuwepo, akakuacha wewe mikononi mwangu kwa sababu aliona ndiyo njia pekee ya mimi kukosa pa kukimbilia. Sijui alitembeaje kutoka hapa mpaka barabarani. Nimejaribu kuiwaza njia hiyo, na kila mara naishia pale kwenye mti wa mfuti, siwezi kuendelea. Usiku mwingi alikuwa akiwaza kama umepona, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba umepona. Hilo ningeweza kulifanya hata kwa salamu za dereva. Sikulifanya.

Kwa hiyo hasira uliyombebea mama yako miaka yote hii, ilikuwa yangu. Naiomba. Usiende nayo Morogoro ikiwa na jina la mtu mwingine.

Nasikia kengele za ng'ombe, na shangazi yako ameshaanza kuniita kwa ile sauti yake. Anadhani nakuandikia habari za nauli.

Kesho nitakuwa Dongobesh kabla ya basi. Tangu ujue kusema, haijapita asubuhi tukiwa pamoja hujaniamkia, hata ukiwa umenuna, hata ukiwa umegonga sufuria zote za nyumba. Kesho ukinipita bila shikamoo sitakuita, na mtu yeyote asikugombeze, shangazi yako nimeshamwambia. Nitapandisha begi lako juu ya basi, nitalifunga kamba vizuri lisianguke, nitashuka.

Baba yako